Tuchague Jaketi kwa Mikono, Si kwa Jina



Safari hii tunataka kusema juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua mu ngozi yake: baridi ya asubuhi. Mwalimu wa jiografia alitufundisha ya kwamba ekweta inapita karibu kabisa na hapa kwetu Butembo. Mtoto wa mbali akisoma ile mu kitabu, anafikiri sisi tunakaa mu joto. Lakini mji wetu uko karibu metre 1.800 juu ya bahari, na kila ukipanda metre 1.000 hewa inapoteza digrii kama 6. Ndiyo maana mwenzetu anayetoka Kisangani, kule ambako metre hazifike 500, anafika hapa na shati moja, na usiku ule ule anaomba blanketi ya pili. Na wale wa Lubero, wanaokaa juu kuliko sisi, wanatucheka tukisema tunasikia baridi.

Saa kumi na mbili tunatoka nyumbani, ukungu ungali umelala mu mabonde. Wamoja wanatembea saa nzima. Wengine wanapanda moto, watatu nyuma ya motari mmoja, na upepo unaingia mpaka mu mifupa. Tukifika ku masomo, tunasimama mstari mbele ya bendera, mikono mu kwapa. Somo la kwanza, kalamu haikamatike vizuri. Basi jaketi kwetu hapa ni chombo cha kazi, sawa na daftari na kalamu.

Sasa, jaketi gani? Hapo ndipo tunaanza kukosa.

Mwaka uliopita, mwenzetu mmoja alipewa na baba yake pesa ya minervali. Akapita ku soko ya nguo za balo, ile tunayoita chaguwa, akaona jaketi moja nyeusi yenye jina kubwa ku kifua, jina la watu wa mpira wa Ulaya. Akatoa dola 25. Siku tatu alitembea kati yetu kama gavana. Wiki ya pili fermetiri ikapasuka. Wiki ya tatu wakafukuza wale hawajalipa, naye akarudi nyumbani na jaketi haifungike, na neno la kuambia baba yake hakuwa nalo. Tunasimulia habari hii bila kumcheka. Wengi kati yetu tungeweza kufanya vile vile, juu tunaangalia kifua cha mtu mbele ya kuangalia nguo yenyewe.

Wazee wanasema, mchagua jembe si mkulima. Wanasema kweli kwa mtu mvivu anayegeuza majembe mpaka jua linashuka. Lakini mkulima wa kweli naye anapima mpini mu mkono mbele ya kulipa. Na hata ile soko inaitwa chaguwa! Tukienda pale bila kuchagua, tumekwenda kufanya nini?

Tuanze na kujua kitu chenyewe. Mu balo kuna mipira ya baridi ya pamba, kuna ya manyoya ya kondoo, na kuna ile nyepesi, laini kama kifaranga, inayoitwa polere. Polere inafanana na manyoya, kumbe haikutoka ku mnyama. Ni uzi wa polyester, ndugu ya plastiki, uliofumwa halafu ukachanwa kwa brosi za chuma mpaka nywele zake zikasimama. Kati ya zile nywele hewa inafungwa, na ile hewa iliyofungwa ndiyo inalinda joto la mwili. Jaketi haina moto ndani yake. Moto ni wewe mwenyewe, jaketi inazuia tu usikimbie.

Kitambaa hiki kilitokea Marekani, mu mji wa Lawrence, ku kiwanda cha Malden Mills, kuelekea mwaka 1980. Kampuni ya Patagonia ilisaidia kukitengeneza vizuri. Mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, hakutaka kukifungia kwa haki ya uvumbuzi. Kwa hiyo viwanda vingi vya dunia vikaweza kukifuma bila kumwomba ruhusa. Tangu mwaka 1993 wengine wanakifuma kwa chupa za plastiki zilizoyeyushwa, ndugu za zile chupa zinazojaza mitaro yetu kila mvua ikinyesha. Tuone basi: kitu ambacho kiwanda chochote kinaweza kufanya, tena kwa chupa tupu, kitapandaje bei mara nane juu ya jina moja lililoshonwa ku kifua? Na lile jina, fundi yeyote mwenye mashini anaweza kulishona usiku mmoja.

Sisi wa kamati ya gazeti tulizunguka ile soko Jumamosi mbili, tukauliza mama wauzaji, tukauliza na fundi wa kushona. Haya ndiyo tuliyochunga.

Kwanza, usome kikaratasi cha ndani, ku shingo ama ku ubavu. Kikisema polyester 100 kwa 100, inaweza kuwa polere. Kikisema pamba, ujue: pamba inapendeza jua likiwaka, lakini ikinyeshewa inakunywa maji, inakuwa nzito, na inakufanya baridi zaidi. Polyester karibu haikunywe maji. Uikamue, uipepete, na kisha muda mfupi unaweza kuivaa tena. Kwa mtu anayenyeshewa njiani saa tisa na kesho yake asubuhi anarudi ku masomo, hii ni faida kubwa.

Pili, upime uzito. Viwanda vinahesabu gramu za kila metre ya mraba: 100 ni nyepesi, 200 ni ya katikati, 300 ni nzito. Soko haina mizani ya hiyo, basi uinue kitambaa mbele ya jua. Ukiona vidole vyako upande wa pili, uiache. Kwetu ile ya katikati inatosha, juu saa sita jua linapiga na utaibeba ku mkono.

Tatu, uigeuze ndani nje. Uangalie mishono ya kwapa, ya mifuko na ya mikono, uivute kwa nguvu bila haya. Polere iliyojaa vidonge vidogo vidogo imekwisha kutumika sana. Iliyolala na kuangaa kama mkeka imepoteza nywele zake, hewa haina tena pahali pa kukaa.

Nne, ufunge na kufungua fermetiri mara tano, mbele ya muuzaji. Kitambaa kinaweza kukaa miaka kumi. Fermetiri ndiyo inakufa mbele. Kama meno yote yapo na kichwa tu kimelegea, fundi anaweza kukibana na koleo. Kama meno yamekosekana, uombe wapunguze bei ama uende zako.

Tano, uweke kitambaa ku mdomo na upulize. Pumzi itapita. Usishangae, polere haizuie upepo. Anayepanda moto sherti avae juu yake kitu kingine chembamba kisichopitisha hewa, hata kapoti ya mvua. Polere peke yake ku moto ni kama nyumba yenye paa bila milango.

Na neno moja kwa wapishi, ni kusema sisi wote: polere ni plastiki. Cheche moja ya mbabula inatoboa tundu, na ikishika moto inayeyuka na kukamata ngozi. Ukipika, uivue. Ukipiga pasi ya makala, usiiguse. Uifue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, uianike kivulini.

Kwa kufuata haya, mmoja wetu alipata jaketi ya buluu kwa dola 3, haina jina lolote, kiko cha mkono kimeshonwa upya. Ameivaa ku shamba la viazi, ku mpira, ku maji, na ingali nzima.

Lakini tungeishia hapa, tungekuwa tumesema nusu ya kweli. Kuna sababu nyingine inayofanya watu wachague vibaya, na sababu hiyo ni sisi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, mtoto mmoja wa darasa la saba alikuja na jaketi ya mama yake. Ilikuwa polere nzuri, nzito, ya rangi ya waridi, na maua ku mabega. Ku mstari tukacheka. Wamoja wetu wanaoandika karatasi hii walicheka pia. Kesho yake hakuivaa. Wiki nzima tulimwona anatetemeka karibu ya ukuta, daftari ku kifua, anangoja jua. Hakuna aliyemkataza jaketi yake. Kicheko chetu kilitosha kumvua.

Tulikwenda kumwona na kumwomba msamaha. Akatuambia tu: "Iko na joto." Akaivaa tena. Maneno yake matatu yana hekima kuliko majina yote ya kifua, na sisi wakubwa tuliona haya.

Kwa hiyo tunatoa maombi mawili. La kwanza kwa wanafunzi: tuache kuchekana juu ya nguo ya baridi. Mtu akija na ya baba, ya mama, ya maua, yenye kiraka, tumwulize swali moja tu: iko na joto? Tukifanya vile, hakuna atakayeiba minervali yake mwenyewe ili anunue macho yetu.

La pili kwa Bwana Prefe na Bwana Direkta wa nidhamu, kwa heshima yote. Tunajua sheria ya buluu na nyeupe, na tunaikubali, juu inafanya mtoto wa tajiri na wa maskini wafanane. Lakini ku mlango jaketi za rangi zinakamatwa, na mwenye jaketi moja tu anabaki na shati. Tunaomba jaketi yoyote ikubaliwe mpaka mapumziko ya saa nne, kisha zote zivuliwe na kuwekwa ku mfuko. Kama ile ni nyingi mno, basi ikubaliwe ya buluu bila maandishi, na wazazi wapewe muda wa kuitafuta. Ku chaguwa za buluu hazikosekane.

Waalimu watatujibu pengine ya kwamba wao walisoma bila jaketi na walifaulu. Tunawasadiki. Lakini tumewaona pia asubuhi, chaki mu mkono mmoja, mkono mwingine mu mfuko wa koti.

Tunangoja jibu, na tunawasalimu wote.

Sisi, kamati ya gazeti