Mizani ya Redio
Pale ufukweni Dunga, mama samaki hapimiwi mbuta kabla hajaona mshale wa mizani umelala kwenye sufuri. Lakini sisi wa redio ya ridhaa, wenye alama za wito za 5Z4, tunaiamini mita ya nguvu tu, basi. Mizani yetu ni mzigo bandia: rezista ya omu 50 inayofungwa mahali pa antena, ikameza nguvu yote na kuigeuza joto. Volti 70.7 kwenye ncha zake ni wati 100. Ila rezista ikiwa kwa kweli ni ya omu 60, volti hizo hizo ni wati 83, nawe unajisifu bure. Yangu nimeizamisha kwenye mafuta ndani ya kopo la rangi. Naipima ikiwa baridi, kisha tena ikishapata moto, maana omu husogea.