Mwalimu Asiwe Redio

Nikijaliwa nitakuwa mwalimu wa Jiografia. Lakini jameni, sitaki kuwa redio: inene peke yake, wanafunzi wanakili, kengele ilie, basi!

Katika shule niliyosomea awali, niliuliza kwa nini Ziwa Nakuru linapanda. Ziwa hili jirani yetu hapa Lanet lilifurika miaka ya 2010 likameza hata lango kuu la mbuga. Nikajibiwa, "Hiyo haiko kwa silabasi. Kaa chini!" Darasa zima likaangua kicheko. Muhula ule sikuinua mkono tena.

Najua walimu watasema kipindi ni dakika 40, darasa limejaa na mtihani unabisha hodi. Ni kweli. Tena makundi yasiyosimamiwa hugeuka soko. Hata hivyo, dakika 10 za maswali hazitaua silabasi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, wataka mwanafunzi atende, si akariri tu.

Wahenga walinena, kuuliza si ujinga. Walimu wetu, turuhusuni tuulize. Nanyi wenzangu, mwacheni anayeuliza. Kicheko chenu kiliniziba mdomo kuliko ukali wa mwalimu.