Twafundisha Kupanda Miti, Kukata Je?

Majuzi nilimtembelea mwanafunzi wangu wa zamani, nikamkuta ameketi kibarazani, magongo yameegemezwa ukutani. Mkaratusi aliokuwa akiukata kwa msumeno wa petroli ulipasuka, shina likaruka nyuma na kumponda mguu. Aliukata kutoka upande mmoja tu.

Kanuni zilizotungwa mwaka 2009 zilimtaka mkulima nchini atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti. Sisi walimu twaitikia vyema: mvua za masika zianzapo, twawapanga wanafunzi, kila mmoja na mche wake, na wageni waheshimiwa hupigwa picha. Lakini mkaratusi waweza kufaa kwa nguzo kabla ya miaka kumi kwisha. Nani humfundisha mpandaji kuuangusha?

Mbinu yenyewe si siri. Kwanza hukatwa pengo upande ambao mti utaangukia. Kisha msumeno huingia kwa upande wa pili, juu kidogo ya pengo, na katikati huachwa ukanda usiokatwa, unaolishika shina mithili ya bawaba ya mlango. Trekta nalo likivuta gogo, mnyororo hufungwa chini ya ekseli. Ukifungwa juu, magurudumu ya mbele huinuka, trekta likampindukia dereva.

Mtaala wa sasa wajivunia umilisi. Basi mkataji stadi wa kijijini na aalikwe shuleni, hata kwa alasiri moja, ayaonyeshe haya. Najua wapo watakaosema kuwa hiyo si kazi ya wasomi. Kijana wangu alifaulu vizuri katika Kilimo. Aliniuliza mbona hatukumwambia. Nilitazama chini.