Uvundo wa Kicheche na Jeraha la Mbwa
Katika nyua za Nyegezi, mbwa akipambana na kicheche usiku, mwenye mbwa huhangaikia uvundo na kusahau jeraha. Uvundo huondoka. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza, karibu daima huua. Kutega sumu si suluhisho: kicheche hula panya na wadudu, na sumu huweza kumuua mbwa mwenyewe. Kinga ya kweli ni kufukia mabaki ya chakula na kumchanja mbwa kila mwaka. Mbwa aliyejeruhiwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.