Mkia wa Farasi: Faida Yake na Hatari Yake

Wako watu wengi waaminio kwamba dawa itokayo katika majani haiwezi kumdhuru mtu, kwa kuwa haikutengenezwa kiwandani. Juma hili yafaa tuutazame mmea mmoja utakaotuonyesha kwamba sivyo. Mmea huo huuzwa katika nchi nyingi kwa namna ya majani makavu, unga na vidonge. Wataalamu huuita Equisetum arvense. Wazungu waliufananisha na mkia wa farasi, nasi tutalitumia jina hilo.

Mkia wa farasi hustawi katika nchi za baridi za Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini, hasa penye unyevu. Hauna maua wala mbegu. Shina lake lina pingili kama za muwa, na ndani ni tupu kama mwanzi. Ukilishika hukwaruza mkono, kwa sababu limejaa silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Ndiyo sababu zamani watu wa Ulaya waliutumia kusugulia vyungu na vyombo vya bati. Jamaa yake mmoja huota hata Kenya, kandokando ya vijito vya nyanda za juu, lakini huyo si yule atumiwaye na watengenezaji wa dawa.

Tangu siku za Wagiriki na Warumi wa kale mmea huu umetumiwa kuzuia damu ya jeraha na kuongeza mkojo. Mwaka 2014 wataalamu wa Brazil waliujaribu kwa wanaume 36 wenye afya, wakaona kwamba kweli huongeza mkojo. Shirika la Dawa la Ulaya nalo limekubali utumiwe kwa taabu ndogo ndogo za njia ya mkojo na kwa kuoshea majeraha madogo, ila kwa sababu ya desturi ya miaka mingi tu, wala si kwa ushahidi kamili wa majaribio. Ama wale wasemao kwamba hukuza nywele na kuimarisha mifupa, maneno yao hayajathibitishwa vya kutosha.

Sasa tutazame hatari yake. Ndani ya mmea huu mna kitu kiitwacho thayaminasi, ambacho huivunja vitamini B1. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wameyaona matokeo yake. Farasi akilishwa nyasi kavu ambazo sehemu yake ya tano au zaidi ni mmea huu, baada ya majuma machache huanza kuyumba. Hukonda ingawa hula, na mwishowe huanguka asiweze kuinuka. Akiwahiwa huponywa kwa sindano za vitamini hiyo hiyo. Basi tujue kwamba kuukausha mmea hakuuondoi ubaya wake. Moto mkali huupunguza, lakini unga uliokaushwa tu na kutiwa katika vidonge huenda haukupitia motoni.

Mwili wa mwanadamu hauna akiba kubwa ya vitamini B1. Mtu alaye sana ugali wa unga uliokobolewa au wali mweupe, na hasa mnywaji wa pombe nyingi, akiba yake ni ndogo zaidi. Mtu kama huyo akiunywa mmea huu miezi mingi, hujivutia maradhi mapya juu ya yale aliyotaka kuyaponya.

Tena kuna mmea mwingine wa jamaa hiyo, Equisetum palustre, uotao mabwawani. Huo una sumu kali zaidi, na mtu asiyezoea hawezi kuitofautisha mimea hiyo miwili. Kwa hiyo usinunue majani yasiyo na jina wala ya muuzaji usiyemjua.

Zaidi ya yote, mtu aliyevimba miguu asijitibu kwa dawa ya kuongeza mkojo. Huenda uvimbe ukapungua siku mbili tatu, naye akafurahi, kumbe moyo au figo zake ndizo mgonjwa, na siku za kupata matibabu zinapita. Wenye maradhi makali ya moyo au figo wasiitumie dawa hii. Watoto walio chini ya miaka 12 wasinyweshwe, na wenye mimba na wanyonyeshao wajiepushe nayo, maana usalama wake kwao haujathibitishwa. Yeyote aonaye damu katika mkojo, au apatwaye na homa au maumivu akojoapo, na aende hospitali mara moja.

Na yule anywaye dawa za shinikizo la damu au za kisukari amwambie daktari kila jani alitumialo, bila haya. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha dawa vivyo hivyo.