Sahihi yako ya hospitali inaisha lini?

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuongelee ile karatasi unayosukumiwa pale mapokezi, au na watu wa bima, au na ofisi unakoomba kazi, kwamba unaruhusu taarifa zako za afya zitolewe. Wengi tunasaini huku jicho liko kwenye foleni. Mwenye bidii anaangalia nani atapewa. Lakini ruhusa yenyewe inakufa lini? Hapo hatuulizi.

Wamarekani hilo wameliandika kabisa, ndiyo maana naanza nao. Ndugu zetu wabeba boksi, hasa wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, wanalijua neno HIPAA vizuri. Ni sheria ya 1996, na kanuni yake ya faragha ilianza kufuatwa na hospitali nyingi na kampuni za bima 14 Aprili 2003. Daktari akimpa daktari mwenzake faili ili utibiwe, au hospitali ikidai malipo bima, idhini ya aina hii haihitajiki. Inahitajika faili likienda nje ya hapo, tuseme kwa mwajiri au kampuni ya bima ya maisha. Na hiyo idhini lazima iwe na tarehe ya mwisho, au tukio la mwisho kama vile kesi kumalizika. Bila hivyo fomu ni batili, hata kama sahihi ni yako halali. Utafiti ndio umeachiwa uandike kwamba hakuna mwisho. Mimi hapo sijapapenda, ila ndivyo ilivyo.

Sasa kasheshe iko hapa. Watu wengi wanadhani ukisaini leo, umeruhusu yale yaliyomo kwenye faili leo. Si kweli! Tuseme umesaini Januari kwa ajili ya mwajiri, fomu inasema rekodi zako zote, mwisho 31 Desemba. Mwezi wa nane unaugua, unapimwa, majibu yanaingia kwenye faili. Hayo majibu nayo yanaweza kwenda kwa bosi kwa sahihi ile ile ya Januari, wakati ulipoisaini hata homa hukuwa nayo. Kinachozuia ni fomu kutaja rekodi za kipindi fulani tu, au wewe kuifuta mapema kwa maandishi.

Na kufuta kuna mipaka yake. Kilichokwisha kutumwa kabla hujafuta hakirudi. Tena kikishafika kwa mtu ambaye HIPAA haimbani, kinga yake inaweza kuwa imeishia mlangoni.

Huku kwetu je? Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na zote zinakupa haki ya kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Ya Kenya inaongeza kwamba anayetumia data ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa ulikubali, si wewe kuthibitisha kuwa ulikataa. Safi sana. Ila pia inasema ukiondoa ridhaa, yaliyofanyika kihalali kabla ya hapo yanabaki halali.

Yaani haki ipo, lakini inakusubiri wewe ukumbuke. Nani anakumbuka fomu aliyosaini miaka mitatu iliyopita akitafuta kazi ambayo hata hakuipata?

Kwa hiyo mimi sioni sababu ya kungoja mpaka waweke hiyo sehemu kwenye fomu. Chukua kalamu, andika mwenyewe pembeni: mwisho tarehe fulani, rekodi za kuanzia lini mpaka lini, kwa kazi hii tu. Kisha omba kopi, au ipige picha na simu, maana siku ya kuifuta utaulizwa ni fomu ipi. Wakikukatalia, uliza ni kwa nini wanataka ruhusa isiyo na mwisho.

Mnaofanya kazi mapokezi au bima, fomu zenu zina sehemu ya tarehe ya mwisho? Na kuna mtu ameshawahi kuja kufuta? Tuambieni hapo chini.