Mpeni fundi siku ya kukagua transfa

Mteja anapofika gereji na mfuko wa sili na beringi alizoshauriwa dukani, akataka gari lake jioni ileile, namwomba mfuko ule ubaki kwenye buti. Kwanza tufungue transfa, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, tuoshe vyuma kwa dizeli, tuvipange mezani, naye asimame hapo aone.

Mimi ni fundi wa Land Rover, Arusha. Transfa ninayoifungua zaidi ni LT230, iliyoanza kufungwa kwenye One Ten mwaka 1983 na bado inabeba Defender nyingi zinazopeleka wageni mbugani. Ni imara mno, na uimara huo huwaponza wenye magari: huvuja na kulia miaka mingi, nao wakiongeza oili tu.

Oili ikidondoka, lawama huenda kwa sili. Lakini shafti ya katikati ya transfa hii haitakiwi kuzunguka. Gia ndizo huzunguka juu yake, kwenye beringi. Mkazo wa beringi ukilegea, shafti huanza kucheza na kula tundu lake kwenye kasha la aluminiamu hadi tundu linakuwa yai. Weka oringi mpya hapo na itavuja tena. Kasha hilo linahitaji kuchongwa na kutiwa bushi, au litafutwe jingine, na hakuna mfuko wa dukani wenye dawa hiyo.

Kwenye flenji, pale mdomo wa sili unapokaa, pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitasaidia. La flenji ya nyuma lisiahirishwe kamwe: breki ya mkono ya Defender iko palepale, na oili inayovuja huloweka viatu vyake. Gari linaegeshwa mlimani likiwa na abiria, na breki haishiki.

Kinachoninyima usingizi ni meno ya ndani ya gia inayopokea nguvu kutoka gia boksi. Katika matoleo ya zamani oili haikuyafikia vizuri. Baadaye kiwanda kilitoboa matundu kwenye gia ili ipenye. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, chuma kimekuwa kikisagana kikavu. Dereva huanza kusikia mgongano mdogo, "kah", kila akiachia na kukanyaga mafuta. Meno hayo yakiisha kabisa, injini inanguruma na gari halivutwi. Likitokea kwenye mteremko wa Seneto, wakati wa kushuka kreta ya Ngorongoro, injini haizuii tena gari. Dereva amebakiwa na breki peke yake. Basi ukibadilisha gia hiyo, kagua na shafti ya gia boksi inayoingia humo, maana shafti iliyolika itaharibu gia mpya.

Difu ya kati nayo ifunguliwe. Gari lililozoea kuzungusha tairi moja kwenye tope bila kufunga loki huwa limemaliza washa za ndani. Beringi yenye vishimo au rangi ya buluu ya moto itoke pamoja na bakuli lake.

Kazi hiyo ya kuosha, kupima na kuangalia ilipwe kama kazi, hata kama siku hiyo hakuna kilichofungwa. Mafundi wengi huiruka kwa sababu hakuna anayeilipia. Wenye kampuni za utalii wanaweza kulibadilisha hilo kuanzia gari lijalo: waandike ukaguzi kwenye bei, na wadai kuoneshwa vyuma vya zamani kabla ya kununua vipya.